Mimi Macho, Mama Sifa Masikio

Tarehe tisa Machi mwaka huu Mama Sifa alifariki Lubumbashi, nyumbani kwake, muda mfupi baada ya kumaliza chai yake. Nilichopoteza mimi ni masikio yangu. Sisemi kwa mafumbo. Hapa Guangzhou, kwa miaka mitatu ya mwisho ya kazi yake, yeye alisikia na mimi nikatazama, na wateja wetu walidhani kila mmoja anafanya yote mawili.

Habari niliipata kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe, Trésor. Nilimjibu pole kama watu wote. Sikumwambia lililo moyoni, maana miaka hiyo mitatu nilimdanganya kila Jumapili kuhusu macho ya mama yake, na jambo kama hilo humwandikii mfiwa kwenye simu. Nimelibeba hadi leo. Nitalieleza humu, kwa sababu ninyi vijana wa kikundi chetu cha sala mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla simu hazijajua Kichina, na siwezi kuisimulia kazi hiyo nikauruka uongo huo. Elimu yangu ni darasa la saba, Singida. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha wateja. Mfanyabiashara anatoka Mwanza au Kolwezi na begi moja na hamu kubwa, hajui njia wala lugha. Unampokea, unampeleka masokoni, unabishana bei kwa niaba yake, unahakikisha mzigo umefika kwa wakala wa kusafirisha pale Sanyuanli, kisha jioni unamrudisha hotelini akiwa bado na viatu vyote viwili. Hakuna aliyeniajiri, kwa hiyo hakuna wa kunistaafisha. Nimejistaafisha mwenyewe mwezi uliopita, magoti yaliposema basi.

Tulitembea kwa treni ya chini ya ardhi. Teksi ina foleni, na mteja akikaa kwenye teksi analala, akiamka amesahau alichotaka kununua. Treni haimpi nafasi ya kulala, ina kelele zake.

Mimi na Mama Sifa tulikutana kwenye jukwaa la kituo cha Sanyuanli, wakati huo macho yake mazima kuliko yangu. Nilikuwa na miezi miwili mjini na mteja wangu wa pili, mama wa Mwanza aliyefuata nguo za watoto. Nilikuwa na ujanja wa kutopotea niliouona wa akili sana: kila asubuhi nilinakili kwa kalamu, kiganjani, alama za Kichina za kituo ninachokwenda, na treni ikisimama nalinganisha kiganja na ubao. Siku hiyo lilikuwa joto la hapa, lile linalokugandisha shati mgongoni. Nilipofungua kiganja nilikuta doa la bluu. Mteja ananitazama mimi, mimi natazama doa.

Kwenye benchi alikuwepo mwanamke mnene wa kitenge cha njano, anacheka bila kujificha.

“Unatembea na kituo ku mukono, mama?” akaniuliza. “Na ukinawa?”

Ndivyo alivyoingia maishani mwangu. Akauliza natoka wapi, nikasema Singida, na toka hapo sikuwa na jina lingine kwake. Akatupeleka mwenyewe hadi sokoni Haizhu, na njiani nikapata somo la kwanza.

Mnaijua ile sauti ya kike ndani ya treni, inayotaja kituo kinachokuja. Mama Sifa aliiita Madame. Madame anasema kwanza Kichina cha shule, halafu Kikantoni, Kichina cha watu wa hapa, halafu Kiingereza. Wageni wote wanangoja Kiingereza, na Kiingereza kinafika mwisho, kama mjomba kwenye harusi, chakula kimeshaisha. Kikianza kusemwa, waliosikia ile ya kwanza wameshasogea mlangoni. Basi jifunze ile ya kwanza. Huhitaji kuielewa, inatosha kuitambua, kama unavyotambua kikohozi cha mumeo barazani. Tena Madame anakuambia mlango utafunguka upande gani, kushoto au kulia. Anayejua hilo mapema hupita na mizigo yake taratibu, asiyejua huwakanyaga watu ishirini.

Na kama jina limekupotea, Mama Sifa akasema, hesabu milango. Kutoka Sanyuanli hadi Haizhu mlango hufunguka mara tano. Mara ya tano, shuka.

“Batu banadanganya,” akaniambia. “Mulango haudanganye.”

Kumbukeni hilo la kuhesabu. Lilitufundisha adabu baadaye.

Somo la pili lilinigharimu gauni. Kuna ule mlio wa haraka kabla mlango haujafunga, ti-ti-ti-ti. Sheria ya Mama Sifa ilikuwa kwamba ukiusikia ukiwa bado kwenye ngazi, simama, jifanye ulikuwa unapumzika. Treni nyingine iko nyuma dakika chache tu. Mimi nikakimbia. Niliingia mimi, pindo la gauni likabaki nje. Mlango ukafunga, ukafunguka, ukafunga tena, ukafunguka, behewa zima likinitazama nikivutana na mlango kama tunaonyang'anyana mbuzi. Mama Sifa alikuwa ndani tayari, amekaa. Nikamwita. Akageuka akamwambia Mchina aliye karibu naye, kwa Kichina chake cha sokoni, kwamba hanijui.

Huo mlio alikuja kuurekodi kwenye simu yake. Alisema utatufaa, na kweli ulitufaa kuliko nilivyotaka.

Tulikuwa na mteja wa Kahama, Bwana Mashaka, mtu mwema lakini mwenye maneno. Akiingia dukani haondoki. Atauliza bei ya kofia, ataeleza kofia za zamani zilivyokuwa, atamweleza laoban, yaani mwenye duka, habari za mvua ya Kahama, na laoban hajui Kahama ni mtu au ni ugonjwa. Siku moja tulikuwa na maduka sita ya kupita na saa tano asubuhi tulikuwa bado la kwanza. Mama Sifa akatia mkono kwenye mkoba wake mkubwa, akabonyeza.

Ti-ti-ti-ti.

Bwana Mashaka alikuwa ameshapanda treni na sisi siku tisa, tukimwambia kila mara, ukisikia hivyo usichelewe. Aliruka. Alitoka dukani mbio akiwa na kofia mkononi na nyingine mbili kichwani, akapita korido, akashuka ngazi, na laoban nyuma yake anapiga kelele. Tulimkuta chini, anahema, anatafuta treni katikati ya watu wa mabegi. Ilibidi turudi naye kuomba radhi. Laoban alikasirika mpaka Mama Sifa alipomchezea mlio tena na kumweleza. Hapo akacheka, akauomba awe nao kwenye simu yake, kwa ajili ya wateja wanaoshika kila kitu wasinunue chochote. Bei ya kofia ilishuka kidogo. Bwana Mashaka hajui mpaka leo, na kama anasoma hapa, nisamehe, baba.

Sasa nifike kwenye ile siku ya kuhesabu.

Zilikuwa siku za maonyesho makubwa ya biashara, mji umejaa. Mimi nilikuwa na akina mama wawili wa Mbeya, Mama Sifa alikuwa na Papa Gaston wa Kolwezi, mwanamume mkubwa wa suti na mwavuli, mwenye kontena linalongojewa bandarini Nansha. Sote tulikuwa tunakwenda Haizhu. Wakati huo Mama Sifa alikuwa ameanza kuvaa miwani myeusi kila mahali, hata chini ya ardhi. Alisema ni fasheni ya Kinshasa. Nami nilimwamini, maana Kinshasa sijafika.

Treni ikibanwa na umati, mara chache hupita kituo bila kusimama. Madame hutangaza mapema, kwa lugha zote tatu, kwa upole. Lakini siku hiyo Mama Sifa alikuwa anasimulia kisa cha shemeji yake aliyeoa mara mbili siku moja, na kicheko chetu kiliifunika sauti ya Madame. Treni ikapita kituo kimoja taratibu, taa zake zikatupita. Mimi mwenye macho nililipa dirisha kisogo. Mlango ukafunguka mara ya tano, Mama Sifa akasema tushuke, tukashuka.

Kilikuwa kituo kinachofuata baada ya Haizhu. Mimi nilihisi tu kwamba kuna kitu kimegeuka, lakini Mama Sifa alitembea kwa uhakika wake ule ule, mkoba mbele, sisi nyuma kama vifaranga. Kulia, hatua kadhaa, kushoto, mlango. Pale Haizhu hapo ndipo panapokuwa na ngazi ya umeme. Hapa palikuwa na choo cha wanaume.

Tuliingia sote. Mchina mmoja aliyekuwa ananawa aliinua mikono yenye sabuni kama aliyevamiwa na majambazi. Akina mama wa Mbeya wakageuka ukutani, wakakuta ukutani ndiko kwenye mambo yenyewe. Mimi nilikuwa namtazama Mama Sifa. Alikuwa ameendelea mbele, mpaka kwenye kioo kikubwa. Akasimama, akasogea pembeni kidogo kwa heshima, akamwambia yule mwanamke mnene wa kitenge aliyekuja mbele yake, “Pardon, mama.” Akangoja apishwe.

Nilielewa hapo hapo. Sikuelewa vizuri jinsi gani, lakini nilielewa.

Papa Gaston alikuwa anafungua mdomo. Nikamuwahi. Nilimwambia kwa sauti ya kunong'ona, ya heshima, kwamba Mama Sifa ameona tangu Sanyuanli jinsi anavyohangaika kwenye kiti, kwa hiyo ametuleta kwanza hapa, na sisi wanawake tumeingia kuhakikisha pako salama. Uongo wa kijinga kabisa. Papa Gaston akanitazama, akamtazama Mama Sifa, na uso wake ukalegea.

“Ni kweli,” akasema. “Ule mama, hakuna kitu kinamupita.”

Akampa mwavuli amshikie, akaenda kujisaidia. Tulimngoja nje. Akina mama wa Mbeya walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikaa na Mama Sifa kwenye benchi mbali kidogo, nikamuuliza ni tangu lini.

Alisema sukari. Imeanza kumla macho toka mwaka uliopita, upande mmoja kabla ya mwingine. Mwanga anauona, watu anawaona kama nguo zilizoanikwa, lakini ubao, bei, sura ya mtu, hapana. Nikamwambia arudi kwao, akatibiwe, akapumzike. Hapo ndipo alipokasirika, mara moja tu katika miaka yote niliyomjua.

“Kule batanikalisha ku kiti,” akasema. “Mama usiamuke, mama usishike. Singida, sikia. Mu treni miye siko mupofu. Niko mupofu mu Lubumbashi.”

Aliniomba mambo mawili. Wateja wasijue, maana nani atampa siku zake na kitambaa chake mwongozaji asiyeona rangi. Na Trésor asijue, maana Trésor akijua atatuma tiketi kesho yake. Nikakubali. Hapa niseme ukweli wote: sikukubali kwa huruma peke yake. Nilikuwa naogopa kufanya kazi hii bila yeye. Kichina changu kilikuwa cha kununulia mboga.

Basi tukawa mtu mmoja. Ndani ya treni aliongoza yeye. Tuliacha kuhesabu milango, tukahifadhi majina yote ya vituo kwa Kichina kama watoto wanaohifadhi zaburi, yeye ananitahini. Nanyi nawaambia, mkihesabu, sikilizeni pia. Mlango haudanganyi, ila haujui kama umeruka kituo.

Alijua mengine ambayo hayatangazwi. Alijua kwa upepo unaotoka kwenye tundu la reli kwamba treni inakuja kabla taa hazijaonekana. Alijua behewa lipi linasimama karibu na ngazi kwa jinsi mlio wa mlango unavyorudi kutoka ukutani. Wateja waliona ajabu na wakamwita profesa.

Dukani niliongoza mimi, na hapo palikuwa na kazi. Yeye alishika kitambaa, akakivuta, akakinusa, akajua uzito na kama kitafubaa, kuliko mtu yeyote mwenye macho. Rangi ndiyo ilikuwa shida. Tukapanga alama. Nyekundu, nataja nyanya. Njano, nataja ndizi. Kijani, mchicha. Nyeupe, wali. Bluu hatukupata chakula, nikawa nakohoa. Kwa hiyo tukisimama mbele ya vitenge utanisikia nasema, leo natamani nyanya, na ndizi kidogo, kisha nakohoa, na Mama Sifa anamwambia laoban kwa ukali, hii nyekundu na njano nzuri, lakini bluu yako imepoa, punguza. Laoban akisema meiyou, hakuna, yeye anageuka kuondoka, nami namshika kiwiko asigonge meza.

Wateja wote waliamini sisi wawili tuna njaa isiyoisha. Mmoja wa Mbeya alitununulia chakula kila duka la tatu. Mwingine, mwaka ambao bluu ilikuwa mtindo, alinipeleka kwa nguvu duka la dawa. Nikanywa ile dawa mbele yake, siku nne, chungu kama mwarobaini, kwa sababu wateja wa Dodoma walitaka bluu.

Hakuna mteja aliyepata mzigo mbaya. Hilo naweza kuapa. Lakini waliamini jambo ambalo si kweli, na walioaminishwa hivyo ni watu wa kwetu. Sijui niliweke wapi.

Na kila Jumapili, baada ya ibada, Trésor alinipigia mimi. Alisema mama yake akiulizwa husema yeye ni mzima hata akiwa kitandani, kwa hiyo anauliza mimi. Alikuwa na swali moja. Macho ya mama yanaendeleaje? Na Mama Sifa amekaa pembeni yangu, miwani myeusi, anatafuna karanga, uso mtulivu kama hayumo. Nami najibu, hayana neno. Kila Jumapili. Nilikuwa nikimaliza kuzungumza mikono ina jasho. Yeye ananipigapiga goti, ananigawia karanga.

Mwaka mmoja njia yetu ilipata treni mpya. Mlio wa mlango ulikuwa mwingine, mwembamba zaidi, na Madame mwenyewe alikuwa na sauti nyingine, ya mtu mdogo. Kwenu ni jambo dogo. Kwa Mama Sifa ilikuwa kama mtu amekuja usiku akahamisha kuta za nyumba. Siku moja hatukuchukua wateja. Tulipanda asubuhi, tukaenda mwisho hadi mwisho, tukarudi, tukaenda tena, amefumba macho nyuma ya miwani, midomo inafuata. Ndani ya treni ni marufuku kula, na alikuwa na karanga kwenye mfuko wa gauni. Binti wa ulinzi alikuja akasimama mbele yetu. Mama Sifa alimsikia viatu, akameza, akaanza kuimba pambio kwa sauti, mikono juu, kama aliyeshukiwa na Roho. Binti akatazama, akaondoka taratibu. Jioni alizijua treni mpya zote.

Lakini ngazi za umeme hazisemi. Mwezi fulani alikosa ngazi ya mwisho pale Haizhu, akaanguka kwa magoti, mkoba ukamwagika. Nilimwinua. Watu wakakusanya vitu vyake, yeye anawashukuru wote kwa lugha nne na kuuliza kama sakafu imeumia. Magoti yalichubuka tu. Ila toka hapo hadi nyumbani hakuniachia kiwiko, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kunishika yeye mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Jumapili Trésor alipiga, akauliza swali lake. Nikamjibu kama siku zote, hayana neno. Akasema asante mama, akakata.

Wiki hiyo hiyo Mama Sifa aliniambia anaacha kazi. Sababu aliyotoa ni mteja mmoja wa Arusha, binti mzuri tu, aliyepanda treni na sisi, akatia vitu masikioni, akainamia simu, na kila tulipotaka kumwonyesha kituo akasema, mama, simu yangu inajua. Mama Sifa alisema dunia imekwisha. “Leo batu beko na macho na habaangalie, beko na masikio babaziba. Sasa miye nifanye nini nao?” Nilicheka. Akaondoka baada ya siku nane. Kwenda uwanja wa ndege alikataa teksi. Aliniongoza yeye, kituo kwa kituo, akitaja kila jina kabla Madame hajalitaja, na mizigo nikabeba mimi.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Nimefanya kazi peke yangu toka hapo, vibaya kuliko zamani, lakini nimefanya. Kichina changu sasa kinaweza kununua na nyama.

Nilipofika kwenye mstari huo wa nyama niliweka kalamu chini siku tatu. Nilikuwa nimeandika yote ya kuchekesha na bado sijapiga simu. Nilikuwa nawaza kwamba ningesema ukweli mapema, pengine macho yangetibiwa, pengine na sukari ingeangaliwa vizuri zaidi, pengine angekuwa hai. Siku hizo tatu sikupika, nilikunywa chai tu. Jana mchana nikatoka nje kwenye ngazi za jengo letu hapa Sanyuanli, ambapo simu inashika vizuri, nikampigia Trésor.

Nilimwambia bila kuzunguka. Kwamba miaka mitatu macho ya mama yako yalikuwa mabaya. Kwamba nilijua. Kwamba kila Jumapili nilikudanganya, na nilifanya hivyo na kwa ajili yangu pia.

Nyuma yake nikasikia watu wengi, sahani, mtoto analia. Walikuwa bado na wageni wa msiba.

“Mama Singida,” akasema, “ngojea.” Nikasikia sauti ya chumba inafunguka, nikajua ameiweka simu kwenye spika wasikie wote. “Sema tena.”

Nikasema tena, kwa watu nisiowaona. Nilipomaliza, mwanamke mmoja akaanza kucheka, na mwingine, na nyumba yote ya msiba ikacheka. Hakikuwa kicheko cha kunidhihaki. Wengine walikuwa wanacheka na kulia pamoja, unasikia tu.

Trésor ndiye aliyenieleza. Safari ya mwisho mama yake aliporudi huku kutoka Lubumbashi, kabla ya Jumapili zile zote, walikuwa wameshampeleka kwa daktari, na daktari alikwisha sema kilichopotea hakirudi. Familia nzima ilimkataza kusafiri. Yeye akawaambia huku ana mtu, tena mtu huyo hajui kudanganya. Wakapatana: Trésor anipigie kila Jumapili na kuniuliza, wala asijali ninachojibu.

“Alituambia tusisikie maneno, tusikie sauti,” akasema Trésor. “Siku Singida anaogopa kweli, mutasikia. Ile Jumapili ya mwisho tulisikia. Kesho yake nikatuma tiketi.”

Nilikaa kwenye ngazi, watu wa maboksi wakinipita. Nilikuwa nafikiria Jumapili zile zote, jasho langu, na yeye pembeni anatafuna karanga, anajua kila kitu.

Kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine, mwanamke mzee, akajitambulisha kuwa dada mkubwa wa marehemu. Hatukuwahi kuzungumza. Nilingoja anilaumu au anishukuru. Aliniuliza kama nimekula.

Nikamwambia ukweli, kwamba sijala toka juzi.

“Enda ukule,” akasema, akakata simu.

Nikashuka nikanunua wali na samaki kwenye mgahawa wa kona, nikala wote.